Jinsi ya kufuatilia ugomvi wa marufuku za ndoa za jinsia moja Marekani bila kuingia mkenge

Kila baada ya miezi kadhaa kinaibuka kichwa cha habari kwamba ndoa za jinsia moja Marekani zinafutwa, au zimeokolewa, au jimbo fulani limepiga marufuku, watu wanashea, wanatoleana povu, halafu siku mbili mbele unagundua hakuna kilichobadilika hata nukta. Mi mwenyewe nilishaumbuka. Juni 26, 2013 nilitangaza kwa mbwembwe zote kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imehalalisha ndoa hizo nchi nzima, kumbe siku ile zilitoka hukumu mbili na hakuna hata moja iliyosema hivyo. Tangu hapo nina namna yangu ya kusoma hizi habari na ndo nataka nikupe hapa. Uwe unaziunga mkono au unazipinga hilo ni lako, mi nataka tu ukibisha ujue unabishia nini.

Kitu cha kwanza kabisa kukishika: juu juu ugomvi unaonekana ni wa kama ndoa hizi ni sawa au si sawa, lakini ukifungua makaratasi ya kesi utakuta sehemu kubwa wanagombea rungu, yani nani mwenye mamlaka ya kuamua. Wapiga kura? Bunge la jimbo? Bunge la nchi? Majaji? Ukishajua habari uliyoishika inahusu rungu la nani, nusu ya kazi imekwisha.

Jua iko ghorofa ya ngapi

Ndoa kule ni shughuli ya majimbo, sio ya serikali kuu. Leseni ya ndoa unaenda kuichukua kwa karani wa kaunti, sio Washington. Sasa chukulia ni jengo la ghorofa. Chini kuna sheria ya kawaida ya jimbo, juu yake katiba ya jimbo, juu yake sheria iliyopitishwa na Bunge la nchi, na juu kabisa katiba ya nchi kama Mahakama ya Juu inavyoitafsiri. Wa juu anambana wa chini. Historia yote ya hizi marufuku ni watu kupandisha ngazi, upande mmoja ukipanda ghorofa moja, mwenzake anapanda inayofuata.

Ilianza kuchemka Hawaii mwaka 1993, mahakama ya jimbo ikasema kuwanyima leseni watu wa jinsia moja huenda ni ubaguzi na serikali ije ijieleze. Hakuna aliyefunga ndoa siku hiyo, lakini hofu ilisambaa kwamba wakiruhusiwa Hawaii watu watafunga kule halafu warudi kwao wadai kutambuliwa. Bunge la nchi likakimbilia kutunga sheria ya kulinda ndoa, Rais Bill Clinton akasaini Septemba 1996. Ilikuwa na meno mawili na uyaweke kichwani maana yatarudi: jino moja liliruhusu jimbo kukataa ndoa iliyofungwa jimbo jingine, jino la pili likasema serikali kuu kwa mambo yake yote itajua ndoa ya mume na mke tu.

Halafu Novemba 2003 mahakama ya Massachusetts kwa kura 4 kwa 3 ikasema leseni lazima zitolewe, na Mei 17, 2004 zikaanza kutolewa. Wapinzani katika majimbo mengine wakapiga hesabu: kama marufuku ni sheria ya kawaida, jaji wa jimbo anaweza kuifuta kwa kutumia katiba ya jimbo, basi tuiingize marufuku ndani ya katiba yenyewe tuone atafanyaje. Novemba 2, 2004, siku moja tu, majimbo 11 yalipitisha marekebisho ya namna hiyo. Kwa hiyo ukisoma jimbo fulani lina marufuku usiishie hapo, uliza ni ya sheria au ya katiba, maana namna ya kuiondoa ni tofauti kabisa. Ya kwanza bunge la jimbo linaweza kuifuta lenyewe, ya pili mara nyingi lazima urudi kwa wapiga kura.

Ukitaka kuona mchezo wote sehemu moja soma California. Mwaka 2000 wapiga kura walipitisha marufuku kama sheria. Mei 2008 mahakama ya jimbo ikaifuta, tena 4 kwa 3. Novemba mwaka huo huo wapinga ndoa hizo wakarudi kwa wapiga kura na maneno yale yale, safari hii kama marekebisho ya katiba, pendekezo namba 8, likapita kwa kama asilimia 52. Mwaka 2009 mahakama ile ile ikasema sawa, limepita kihalali, ila zile jozi kama 18,000 za wachumba waliofunga katikati hapo ndoa zao zinabaki. Ndo hapo wanaounga mkono nao wakaona ghorofa ya jimbo imefungwa, wakapanda kwenye katiba ya nchi.

Soma maneno yenyewe, usisome mtu alivyoyaelezea

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Pendekezo namba 8 kwa Kiingereza lilikuwa na maneno 14 tu, likisema kwamba ndani ya California ndoa ya mwanamume na mwanamke tu ndiyo halali au inayotambuliwa. Aliyetaka ndoa za jinsia moja ziendelee alitakiwa kupiga HAPANA. Aliyetaka ziishe, NDIYO. Na hata kichwa kilichoandikwa kwenye karatasi ya kura kiligombewa: mwanasheria mkuu wa jimbo aliandika kwamba pendekezo linaondoa haki ya wachumba wa jinsia moja kuoana, waliolileta wakaenda mahakamani wakilalamika kwamba maneno hayo yanawaharibia, wakashindwa. Sasa ruka mpaka Novemba 2024, California hiyo hiyo, pendekezo namba 3, NDIYO ikawa maana yake kuyafuta maneno ya 2008 kwenye katiba, likapita kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo mtu akikuambia “California walipiga ndiyo” hajakuambia kitu, muulize ndiyo ya mwaka gani.

Halafu angalia marufuku ina mdomo mpana kiasi gani. Kuna zilizozuia neno ndoa tu, na kuna zilizozuia ndoa na chochote kinachofanana nayo. Michigan 2004 waliandika kwamba muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja ndio makubaliano pekee yatakayotambuliwa kama ndoa “au muungano unaofanana na huo kwa shughuli yoyote”. Vijineno vya mwishoni hivyo. Mwaka 2008 mahakama kuu ya jimbo ikasema kwa sababu ya vijineno hivyo taasisi za umma haziwezi kuwapa bima ya afya wenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wake kwa kigezo cha uhusiano wao. Mpiga kura aliyedhani anaamua habari ya harusi alikuwa anaamua bima ya mtu. Texas nao 2005 waliandika kwamba jimbo halitaunda wala kutambua hadhi yoyote ya kisheria inayolingana na ndoa au kufanana nayo, mpaka wakosoaji wakachekea kwamba ukiisoma kama ilivyo, kitu kinacholingana na ndoa kuliko vyote ni ndoa yenyewe, kwa hiyo Texas wamejifutia ndoa zote! Hakuna mahakama iliyosoma hivyo, ila unaona umuhimu wa kusoma mwenyewe.

Kwenye kesi, usiulize nani kashinda, uliza kashinda kwa hoja gani

Nirudi kwenye aibu yangu ya 2013. Hukumu ya kwanza siku ile ilikuwa ya Edith Windsor. Huyu mama alifunga ndoa na mwenzie Thea Spyer huko Toronto mwaka 2007 baada ya kuwa pamoja miaka zaidi ya 40, New York walipoishi wakawa wanaitambua. Spyer akafariki 2009, na serikali kuu ikamtumia Windsor bili ya kodi ya mirathi, dola 363,053. Angekuwa ameolewa na mwanamume asingelipa hata senti. Kwa nini? Lile jino la pili la sheria ya 1996: kwa serikali kuu Windsor na Spyer walikuwa watu baki. Mahakama ya Juu ikaling’oa jino hilo 5 kwa 4. Ona sasa ilichofanya na ambacho haikufanya. Ilisema serikali kuu isikatae ndoa ambayo jimbo limeshaikubali. Haikuligusa jimbo lililokuwa halizikubali. Marufuku za majimbo zikabaki zimesimama vilevile.

Hukumu ya pili ilikuwa ya pendekezo namba 8 na hii ndo tamu zaidi kwa anayetaka kujifunza. Kwanza mawakili waliolipinga ni Ted Olson na David Boies, wale wale waliokuwa wanapambana pande mbili tofauti kwenye kesi ya uchaguzi wa Bush na Gore mwaka 2000. Pili, kesi ilisikilizwa na Jaji Vaughn Walker kwa mashahidi kabisa, wataalamu wakapanda kizimbani wakahojiwa, kitu ambacho kwenye kesi hizi ni nadra. Kabla hata ya mashahidi, kwenye kikao cha Oktoba 2009, Walker alimuuliza wakili wa watetezi wa marufuku, Charles Cooper, kuruhusu watu wa jinsia moja waoane kutaathiri vipi lengo la serikali la kuhimiza uzazi ndani ya ndoa za mume na mke. Cooper akajibu hajui. Alijaribu kufafanua baadaye kwamba alimaanisha sio kazi yake kuthibitisha hilo, na kisheria alikuwa na pointi, maana kuna kipimo ambacho serikali inatakiwa tu kuwa na sababu inayoingia akilini na basi, na kuna kipimo kikali ambacho lazima ithibitishe. Ugomvi mzima wa mawakili ni kipimo kipi kitumike. Lakini lile “sijui” lilimfuata mpaka mwisho. Agosti 2010 Walker akaifuta marufuku.

Sasa Mahakama ya Juu 2013 ilifanyaje? Haikusema Walker yuko sawa, haikusema amekosea. Ilisema hawa waliokata rufaa hawana haki ya kuikata, kwa sababu gavana na mwanasheria mkuu wa California waligoma kuitetea marufuku na waliobaki kuitetea ni raia tu walioipigia kampeni. Kwa hiyo hukumu ya Walker ikabaki, California wakaanza kuoana tena, na majimbo mengine hayakuguswa. Mi nikaona watu wanashangilia kwenye ngazi za mahakama nikaandika “nchi nzima”. Ndo matokeo ya kusoma picha badala ya hukumu.

Tenganisha kufunga na kutambua

Kama utabeba kitu kimoja tu hapa beba hiki, maana mpaka leo ndo mahali habari nyingi zinachanganya. Kuna maswali mawili. Je, jimbo lazima litoe leseni kwa watu wa jinsia moja? Na je, jimbo lazima litambue ndoa iliyofungwa kihalali jimbo jingine? Yanafanana lakini majibu yake yanaweza kutofautiana.

Kesi ya 2015 ilibeba yote mawili. Jim Obergefell na John Arthur walikuwa wanakaa Ohio, jimbo lenye marufuku. Arthur alikuwa anaumwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, hawezi tena kutoka kitandani. Julai 2013, wiki chache baada ya hukumu ya Windsor, walikodi ndege ya wagonjwa mpaka Maryland ambako inaruhusiwa, ikatua uwanja wa ndege karibu na Baltimore, wakafungishwa ndoa humo humo ndani ya ndege na shangazi yake Arthur, hawakushuka, wakageuza kurudi nyumbani. Alichodai Obergefell hakikuwa harusi, harusi alishafunga. Alidai jina lake liandikwe kwenye cheti cha kifo cha mumewe, maana Ohio ingeandika Arthur hakuwa na ndoa. Arthur alifariki Oktoba mwaka huo huo. Hodges unayemuona kwenye jina la kesi (Obergefell dhidi ya Hodges) alikuwa tu mkuu wa idara ya afya ya Ohio, ofisi ya vyeti.

Kesi yake ikaunganishwa na zingine za Michigan, Kentucky na Tennessee, na Juni 26, 2015 Mahakama ya Juu kwa 5 kwa 4, Jaji Anthony Kennedy akiandika, ikajibu ndiyo kwa maswali yote mawili kwa kutumia marekebisho ya 14 ya katiba, yale ya mwaka 1868 yanayohusu uhuru na ulinzi sawa wa sheria. Majaji wanne waliopinga kila mmoja aliandika ya kwake, na soma angalau ya Jaji Mkuu John Roberts, kwa sababu hoja yake ni ile ile ya rungu: kama unafurahia ndoa hizi furahia tu, ila usiishangilie katiba, kwa maoni yake katiba haikuhusika na walipaswa kuamua wananchi kwa kura zao. Ukimuelewa Kennedy na ukamuelewa Roberts umeuelewa mjadala mzima, waliobaki wanarudia kwa sauti kubwa zaidi.

“Ikifutwa je?”

Swali hili lilipamba moto Juni 2022 Mahakama ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na Jaji Clarence Thomas akaandika pembeni, peke yake, kwamba hukumu ya ndoa nayo ingefaa kuangaliwa upya. Peke yake, sio mahakama. Bunge likashtuka na Desemba 13, 2022 Rais Biden akasaini sheria ya kuheshimu ndoa, Seneti ilikuwa 61 kwa 36, ikazika rasmi ile ya 1996.

Watu wanasema basi sheria hiyo imemaliza ubishi. Sio kweli, na hapa ndo kufunga na kutambua inakusaidia. Sheria ya 2022 inajibu swali la kutambua tu. Chukua wachumba wawili wa Texas. Tuseme hukumu ya 2015 imefutwa kesho. Ile marufuku ya Texas ya 2005 haijawahi kung’olewa kwenye katiba yao, imelala tu, basi inaamka, karani wa Texas anaruhusiwa kuwanyima leseni. Hao wachumba wanapanda ndege mpaka Illinois, wanafunga, wanarudi, na Texas inalazimika kuitambua. Sheria haimlazimishi karani wa Texas kuandika leseni, inamlazimisha kuikubali ya mwenzake. Yani turudi kwenye ndege ya Obergefell, ila safari hii cheti kinaheshimiwa ukirudi.

Marufuku zilizolala hivyo ziko zaidi ya nusu ya majimbo. Usishangae, kufuta maandishi yaliyokufa huchukua muda mrefu: ndoa za weusi na weupe Mahakama iliziruhusu nchi nzima 1967, Alabama wamekuja kuyafuta maneno ya marufuku kwenye katiba yao mwaka 2000, na bado kama asilimia 40 ya wapiga kura walitaka yabaki. Nevada 2020 walikuwa wa kwanza kuifuta marufuku ya jinsia moja kwa kura, 2024 wakafuata California na Colorado, na Hawaii wakafuta kifungu cha katiba kilicholiruhusu bunge lao kuzipiga marufuku.

Kelele na meno

Azimio sio sheria. Januari 2025 baraza la wawakilishi la Idaho lilipitisha azimio la kuiomba Mahakama ya Juu iifute hukumu ya 2015 na vichwa vya habari vikawaka, lakini azimio ni barua tu yenye muhuri. Mahakama haipokei barua, inapokea kesi, na kesi inahitaji mtu aliyeumizwa na kitu.

Na Mahakama ikikataa kusikiliza kesi, usiseme imeamua. Wanahitajika majaji wanne kati ya tisa kuikubali kesi, wasipopatikana hukumu ya chini inabaki na hakuna aliyesema nani yuko sawa. Ila kubaki huko kunaweza kuwa na uzito: Oktoba 6, 2014 Mahakama ilikataa rufaa za majimbo matano bila neno, na kwa kuwa mahakama za chini zilishafuta marufuku, leseni zikaanza kutoka. Tofauti na Novemba 10, 2025, ilipomkatalia Kim Davis, yule karani wa Kentucky aliyegoma kutoa leseni 2015 akalala ndani siku tano na baadaye akaamriwa kulipa wachumba wawili dola 100,000. Alikuwa ameomba na hukumu ya 2015 ifutwe. Akakataliwa bila maelezo. Wengine wakaandika “Mahakama yathibitisha ndoa za jinsia moja”. Haikuthibitisha kitu, ilikataa kumsikiliza Davis, na kilichobadilika siku hiyo ni kwamba Davis analipa.

Kesi za mtengeneza keki wa Colorado (2018) na mbuni wa tovuti (2023) nazo ziweke kapu lake. Zile ni za mfanyabiashara anayekataa kazi kwa imani yake au uhuru wake wa kusema, hazigusi leseni ya mtu yeyote. Nimeona watu wazima wanazitaja kama ushahidi kwamba marufuku zinarudi.

Kwenye siasa kura za maoni zitakuvuruga kama hujui mwendo. Gallup 1996 walikuta asilimia 27 wanaunga mkono, 2021 wakakuta 70. Kwa hiyo mwanasiasa aliyesema hivi 2004 na vile 2012 mara nyingi alikuwa anawafuata watu, na majaji waliowatangulia watu waliilipia: Iowa majaji wote walikubaliana kuifuta marufuku 2009, mwaka uliofuata watatu kati yao wakaja kwenye kura ya kubakizwa kazini, wakaondolewa wote watatu.

Mwisho, kabla hujashea chochote angalia tarehe, halafu angalia mwaka. Juni 26 peke yake haitoshi: 2003 ni hukumu iliyofuta sheria za kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, 2013 ni Windsor na ya California, 2015 ni Obergefell. Kesi nne tarehe moja, na tatu kati yake zilishatoka nilipokuwa naandika ile ya kwangu.